Mrejesho wa Wanafunzi katika Kozi ya Kwanza ya Maada za Kihandisi: Namna ya Kuuomba, Kuusoma na Kuufanyia Kazi

Katika vyuo vyetu vingi vya uhandisi, dodoso la kumtathmini mhadhiri hutolewa wiki ya mwisho ya muhula, wakati akili za wanafunzi zimekwishahamia kwenye mtihani. Hujazwa kwa dakika tano, hupelekwa ofisini kwa mkuu wa idara, na humrudia mhadhiri baada ya miezi kadhaa likiwa limegeuka namba moja, tuseme 3.4 kati ya 5. Waliolijaza wamekwishaondoka, na namba yenyewe haisemi kama tatizo lilikuwa ni mchoro wa chuma na kaboni, au maabara, au sauti isiyofika viti vya nyuma. Nimefundisha kozi ya kwanza ya maada za kihandisi, yaani metali, kauri, plastiki, mbao na zege, kwa miaka ya kutosha kuamini kwamba mrejesho wenye faida ni ule unaouliza kuhusu somo mahususi, ungali na muda wa kurekebisha, na ambao majibu yake yanarudishwa darasani mbele ya walioutoa. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa muhula wa wiki 15, na mwenye muhula mfupi atabana hatua zake kulingana na ratiba yake.

Hatua ya 1: Kabla ya kuuliza, jua unachoweza kubadilisha

Chukua karatasi na uandike mambo ya kozi yako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale unayoweza kuyabadilisha wiki hii: kasi ya kufundisha, idadi ya mifano ya kukokotoa, ukubwa wa herufi kwenye slaidi, mpangilio wa mazoezi. La pili ni yale yanayoweza kusubiri muhula ujao, kama vile mfuatano wa mada au uzito wa alama za maabara. La tatu ni yale yasiyo mikononi mwako: wanafunzi 90 katika ukumbi wa watu 60, mashine moja tu ya kuvuta vipande vya chuma, na kipindi kilichopangwa saa nane mchana baada ya chakula.

Uliza kuhusu mafungu mawili ya kwanza. Ukimwuliza mwanafunzi kama vifaa vya maabara vinatosha, ilhali wewe na yeye mnajua kwamba havitoshi na havitaongezeka mwaka huu, umemfundisha kwamba kujibu maswali yako ni kupoteza wino. La vifaa lipeleke mwenyewe kwa mkuu wa idara.

Hatua ya 2: Kipande cha karatasi mwishoni mwa kipindi

Kuanzia wiki ya tatu, mara moja kwa wiki, kata karatasi za A4 katikati, zigawe dakika nne kabla ya kipindi kwisha, na uandike maswali mawili ubaoni: “Jambo gani la leo umelielewa kiasi cha kuweza kumweleza mwenzako?” na “Jambo gani la leo bado lina ukungu?” Jina lisiandikwe. Njia hii si yangu. Ilienea kutoka vyuo vya Marekani, na katika kozi hii hasa imetumiwa sana na Stephen Krause wa Chuo Kikuu cha Arizona State, ambaye alikusanya yale yanayowatatiza wanafunzi wa maada na kuyageuza kuwa msingi wa kipindi kinachofuata.

Waruhusu waandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na uwaambie hivyo waziwazi, kwa sababu wasipoambiwa watadhani Kiswahili ni kosa. Mwanafunzi wa Tanzania kwa kawaida amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza, na anapobanwa kueleza jambo asilolielewa kwa lugha ambayo nayo haijamkaa vizuri, huandika “mada ni ngumu” na kuishia hapo. Akiruhusiwa Kiswahili, huandika sentensi tatu.

Niseme kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichonifanya niamini vipande hivi. Tulikuwa tumefika kwenye mchoro wa chuma na kaboni, ule unaoonyesha chuma huwa na vijenzi gani kwa kila joto na kila kiasi cha kaboni, na nilikuwa nimeeleza kanuni ya wenzo, ile ya kukokotoa kiasi cha kila kijenzi katika chuma, nikaona vichwa vinatikisika kukubali. Vipande vilipokuja, zaidi ya theluthi vilitaja kanuni hiyohiyo, na kimoja kiliandikwa hivi: “Hesabu naiweza, ila sijui kwa nini ukitaka kiasi cha huku unapima mkono wa kule.” Mwandishi wake alikuwa amelitaja tatizo la darasa zima vizuri zaidi kuliko nilivyoweza kulitaja mimi. Kipindi kilichofuata nilibeba rula ya mita moja, nikaandika kwa chaki asilimia za kaboni, mwisho wa kushoto 0.022, mwisho wa kulia 0.76, na mahali pa 0.40, yaani kaboni ya chuma chetu, nikaiegemeza juu ya kidole. Kushoto inaning'inia feraiti, kijenzi laini chenye kaboni kidogo mno, kulia inaning'inia pelaiti, kijenzi kigumu chenye kaboni zaidi, na rula haitatulia mpaka mzigo wa kila upande ulingane na urefu wa mkono wa upande wa pili, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao, ambapo aliye mzito husogea karibu na egemeo. Kwa kuwa 0.40 iko karibu katikati, rula ilitulia bila shida, na darasa likakokotoa: 0.378 gawanya kwa 0.738 ni asilimia 51 ya pelaiti, mara chuma hicho kinapopoa polepole na kushuka chini ya nyuzi 727 za Selsiasi. Ilichukua dakika sita.

Kuvisoma vipande 80 hakuhitaji zaidi ya nusu saa. Usivisome kimoja kimoja kama barua. Vipange mezani katika marundo kwa kufuata mada iliyotajwa, kisha shughulika na rundo kubwa na lile linalokushangaza. Rundo la “nimeelewa yote” liweke kando bila kulifurahia sana, maana humo wamo walioelewa, wamo waliokuwa na njaa, na wamo waliowahi daladala.

Hatua ya 3: Wiki ya sita au ya saba, mwache mwenzako azungumze nao

Vipande vya karatasi hueleza mada. Havielezi vizuri mwenendo wa kozi nzima. Kwa hilo kuna njia iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Washington na Joseph Clark na Mark Redmond, na utekelezaji wake ni mwepesi. Mwombe mhadhiri mwenzako, asiye mkubwa wako kazini, aingie darasani dakika 25 za mwisho. Wewe toka, na usisimame mlangoni. Yeye atawagawa wanafunzi katika makundi ya watu watano au sita na kuwapa maswali matatu: nini kinawasaidia kujifunza, nini kinawazuia, na nini kibadilishwe na vipi. Kila kundi huandika yale waliyokubaliana, kisha mwenzako huyasoma mbele ya wote na kuomba mikono inyooshwe kwa kila hoja.

Faida yake kubwa iko katika mikono hiyo. Malalamiko ya mtu mmoja mwenye sauti kubwa hupata uzito wake halisi, na hoja iliyonong'onwa na kundi la nyuma hugeuka kuwa ya darasa zima. Ulizeni pia swali la pili juu ya kila lalamiko, yaani “mngependa ifanywe vipi?”, kwa sababu darasa likilalamika kwamba mazoezi ni mengi, huenda linamaanisha kwamba mazoezi hayasahihishwi kabla ya jaribio, jambo ambalo dawa yake ni tofauti kabisa. Mwanafunzi ni kama mwenye gari anayemwambia fundi kwamba gari “linagonga”: hadanganyi, lakini mahali panapogonga anapaswa kupatafuta fundi.

Katika uhandisi lipo jambo la kuangalia zaidi. Darasa likiwa na wasichana wanne tu na wote wakawekwa kundi moja, maoni ya kundi hilo hayana siri tena. Wachanganye.

Hatua ya 4: Pima uelewa pamoja na hisia

Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa madarasa ya fizikia, ambamo wanafunzi waliofundishwa kwa kushughulishwa na maswali walijifunza zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu, ilhali wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Aliyetoa jasho alidhani amepotea, na aliyesikiliza kwa raha alidhani ameelewa. Kwa hiyo ukianza kuwafanyisha kazi darasani na maoni yakashuka, usikimbilie kurudi kwenye slaidi kabla ya kuwa na kipimo cha pili.

Kipimo hicho kiwe maswali matano au sita ya dhana, yasiyo na hesabu, yanayoulizwa wiki ya kwanza na tena wiki ya 13, bila alama. Mimi hutumia mawili haya kila mwaka. La kwanza: waya wa shaba umevutwa kupitia tundu dogo ukawa mwembamba na mgumu zaidi, atomi zake zimefanywa nini? Wengi hujibu kwamba zimebanwa zikakaribiana au zimerefuka, wakati atomi ziko vilevile na umbali kati yao ni uleule. Kilichotokea ni kwamba tabaka zake zimeteleza moja juu ya nyingine, na kasoro ndani ya fuwele zimeongezeka hata zikazuiana. La pili: fimbo mbili za chuma zenye kipenyo kimoja, moja imepashwa moto na kuzimwa majini, nyingine ni laini, zikibebeshwa mzigo mdogo uleule, ipi itapinda zaidi? Jibu ni kwamba zitapinda karibu sawa, kwa kuwa moduli ya Young ya chuma, yaani kipimo cha kukataa kwake kupinda, hubaki takriban gigapaskali (GPa) 200, moto na maji vikibadilisha mambo mengine mengi.

Swali hili la pili hufichua pia tatizo la lugha ambalo hakuna dodoso litakalolitaja. Kuna sifa nne tofauti, yaani kukataa kukwaruzwa, kukataa kupinda, kubeba mzigo mkubwa bila kukunjika kusikorudi, na kupokea pigo bila kupasuka, na kila moja ina jina na kipimo chake katika vitabu vya Kiingereza, lakini mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huzitia zote katika neno “ugumu”. Niliacha kulieleza jambo hili kwa maneno. Sasa huja na kipande cha jino la msumeno wa kukatia chuma, yaani ule ukanda wake wenye meno, na kipande cha nondo. Jino la msumeno linaikwaruza nondo bila tabu, kisha nalifunga kitambaa, nalipinda, na linakatika papo hapo. Nondo inajikunja tu. Ipi ngumu? Kimya kinachofuata ndicho kipindi chenyewe.

Hatua ya 5: Dodoso la mwisho wa muhula

Chuo kitaleta dodoso lake na huna budi kulipokea. Liongezee lako, lisilozidi maswali manane, na ulitoe wiki ya 13, si ya 15. Kila swali liwe na jambo moja tu. Swali kama “Mhadhiri anaeleza vizuri na anawahi kipindi” halina jibu kwa mwanafunzi wa mhadhiri anayeeleza vizuri lakini huchelewa. Uliza kwa mada: “Baada ya maabara ya kuvuta vipande, ninaweza kuonyesha kwenye mchoro mahali chuma kinapoacha kurudi urefu wake wa awali.” Mwanafunzi ni shahidi mzuri wa kilichomtokea yeye: kama kazi zilirudishwa kwa wakati, kama sauti ilisikika, kama alipata nafasi ya kushika mashine au alitazama tu migongo ya wenzake. Si shahidi mzuri wa kama mhadhiri anaimudu taaluma yake, na si haki kumwuliza.

Swali moja la usuli linatosha: umeingia chuoni kwa kidato cha sita au kwa stashahada? Katika kozi hii ndilo linalogawa darasa kuliko yote. Wa kidato cha sita ameiva kwenye kemia ya vifungo vya atomi, lakini huenda hajawahi kushika kichomeleo. Wa stashahada amekereza na kuchomelea, anajua chuma kipi hupasuka pembeni mwa weldi, ila fuwele na mpangilio wa atomi humtoa jasho. Usiongeze jinsia, mkoa na umri juu ya hapo, maana ukiyaweka yote pamoja jina la mtu linakuwa limeandikwa. Ukitumia Google Forms, hakikisha fomu haikusanyi barua pepe. Wanafunzi wataliona hilo kabla yako, na neno “bila kutaja jina” juu ya fomu halitawadanganya.

Hatua ya 6: Kusoma namba

Tuchukue mfano. Darasa la wanafunzi 68, waliojibu ni 41, na kwa swali la kasi ya kufundisha wamejibu hivi: 14 wametoa 5, 11 wametoa 4, wawili wametoa 3, wanne wametoa 2, na 10 wametoa 1. Wastani ni 3.4, na mtu ataandika “inaridhisha”. Lakini hakuna hata watu watatu waliosimama karibu na wastani huo. Hapa kuna madarasa mawili ndani ya ukumbi mmoja, na kuyarekebisha kwa kwenda polepole kidogo kwa wote ni kuwaudhi wote. Kwa hiyo chora mgawanyo wa majibu kabla ya kukokotoa wastani, kisha utazame kama swali la usuli linaeleza mpasuko huo. Kundi likiwa na watu chini ya watano, usilitenganishe.

Kisha wakumbuke 27 ambao hawakujibu. Linganisha na daftari la mahudhurio: waliokata tamaa wiki ya tano hawakuwapo siku ya dodoso, na pengine ndio walikuwa na mengi ya kusema. Hii ni sababu nyingine ya kuanza mapema na vile vipande vya karatasi.

Wakuu wa idara wasome namba hizi kwa tahadhari zaidi. Bob Uttl na wenzake walipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2017, hawakuona uhusiano wa maana kati ya alama ambazo wanafunzi humpa mwalimu na kiasi wanachojifunza kwake. Mwaka 2018 huko Kanada, katika shauri la Chuo Kikuu cha Ryerson cha Toronto, msuluhishi aliamua kwamba wastani wa alama hizo usitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha watu vyeo. Tofauti ya 3.6 na 3.8 kati ya wahadhiri wawili haifai kujadiliwa kikaoni.

Hatua ya 7: Kusoma maneno

Usiyasome siku yalipofika. Yaache yalale usiku mmoja, kwa sababu sentensi moja kali hufuta ishirini za wema, na utajikuta unatafuta mwandiko wa nani, jambo ambalo ni mwiko usiovunjwa hata kwa mzaha. Kisha yachape upya, au mwombe mtu ayachape, uyapange kwa mada. Matusi yatoe nje. La mavazi, lafudhi au umbo la mhadhiri halina kazi, na wahadhiri wanawake katika uhandisi hupata sehemu yao kubwa zaidi ya hayo.

Yanayobaki yapime kwa maswali mawili: je, linatajwa na wangapi, na je, lina tukio ndani yake? “Mwalimu hafundishi” ni hisia. “Mwalimu anasoma slaidi, na slaidi zenyewe tunazo kwenye madesa” lina tukio, na siku nililoandikiwa nilijua kwamba ni kweli. Tangu hapo slaidi zangu zina picha na michoro tu, na maelezo huandikwa ubaoni.

Lalamiko jingine linalorudi karibu kila mwaka ni kwamba mifano yote ni ya ng'ambo: meli zilizopasuka kwenye maji baridi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Comet zilizosambaratika angani mwaka 1954 kwa uchovu wa metali. Mifano hiyo sitaiacha, maana imegharimu maisha ya watu na taaluma ilijifunza kwayo. Lakini wanafunzi walikuwa na haki. Niliongeza nondo ya milimita 12, ambayo kila mmoja wao ameiona mtaani: eneo lake ni milimita za mraba 113, na kama chuma chake kinahimili megapaskali (MPa) 500, yaani newtoni 500 kwa kila milimita ya mraba, kabla ya kurefuka bila kurudi, inabeba takriban kilonewtoni 56.5, sawa na uzito wa tani sita kasoro robo hivi. Niliongeza pia wahunzi wa Kihaya wa Kagera, ambao tanuri zao zilichunguzwa na Peter Schmidt na Donald Avery, wakachapisha mwaka 1978 kwamba hewa iliyopashwa moto ndani ya mifereji ya udongo iliwawezesha kupata chuma chenye kaboni karne nyingi zilizopita. Kipindi hicho wanafunzi wa stashahada ndio huuliza maswali mengi.

Hatua ya 8: Kurudisha majibu darasani

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Ndani ya wiki moja baada ya kila zoezi la mrejesho, simama mbele ya darasa kwa dakika tano na useme: mlisema haya, hili limebadilika kuanzia leo, hili litabadilika kwa watakaokuja baada yenu, na hili halibadiliki, kwa sababu hii. Sababu iwe ya kweli. Waliponiomba nifute maabara ya kung'arisha sampuli kwa msasa kwa kuwa inachosha vidole, nilikataa, nikawaeleza kwamba asiyewahi kuona mikwaruzo yake mwenyewe kwenye hadubini ataidhani ni mipaka ya chembe za metali, na ataandika ripoti ya uongo bila kujua. Walinung'unika, lakini mrejesho uliofuata ulikuwa mrefu zaidi.

Usijitetee wala usiombe radhi kupita kiasi. Wala usiwashukuru kwa “maoni mazuri” kisha usibadilishe lolote. Vipande vitakavyofuata vitakuja vitupu.

Kwa wanafunzi na wawakilishi wa darasa

Mwakilishi wa darasa akiombwa kukusanya maoni, asiyapitishe kwenye kundi la WhatsApp ambamo mtu wa kwanza kuandika huwavuta wengine wote nyuma yake. Kila mtu aandike kwanza peke yake. Andika tukio, wiki lilipotokea, lilikuzuia nini, na ungependa lifanywe vipi: “Wiki ya nane ripoti ya maabara ya kwanza ilikuwa bado haijarudi tulipoandika ya pili, hivyo nikarudia kosa lilelile la vipimo. Naomba hata ripoti tano zisahihishwe mapema tuone mfano.” Hakuna mhadhiri mwenye akili timamu atakayeitupa sentensi hiyo. Na kama kilio chako ni hofu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, kiseme kama hofu ya sapu, usikivike joho la mbinu za kufundishia.

Daftari la kozi

Mwisho wa muhula, andika ukurasa mmoja na uuweke kwenye jalada la kozi: mada zilizokuwa na marundo makubwa ya vipande, maswali ya dhana ambayo majibu yake hayakusogea kati ya wiki ya kwanza na ya 13, mabadiliko uliyofanya na kama yalisaidia. Usiweke vipande vyenyewe; vichane. Kozi hii hupita mikononi mwa wengi, mhadhiri akienda masomoni anaachiwa msaidizi, na anayepokea hupewa kawaida slaidi peke yake. Katika jalada langu mstari wa kwanza wa ukurasa huo unasomeka: “Wiki ya tano, njoo na rula ya mita moja.”